Hata msituni, mkwaju wa nguvu siyo bao

JUNI 20, 1976, mjini Belgrade, fainali ya Kombe la Ulaya iliamuliwa kwa matuta. Uli Hoeness wa Ujerumani Magharibi alipiga mkwaju wa nguvu, mpira ukapaa juu ya lango. Akafuata Antonín Panenka wa Chekoslovakia. Alikimbia kama mtu anayetaka kupasua nyavu, kisha akaudokoa mpira taratibu katikati ya goli huku kipa Sepp Maier ameshajitupa pembeni. Ubingwa ukaenda Chekoslovakia.

Kila shabiki wa soka anaelewa maana ya mikwaju ile miwili. Nguvu siyo bao. Bao ni mpira kuingia pale unapotakiwa kuingia.

Somo hilo husahaulika kila mwaka huko Marekani inapokaribia Novemba, wakati wa kuwinda kulungu wa mkia mweupe. Kwa wenzetu hao uwindaji ni mchezo wenye mamilioni ya washiriki, una leseni, una kanuni, una msimu, na una ubishi wa vijiweni kama wa watani wa jadi. Ubishi mmoja hauishi: mtu akinunua bunduki fupi ya wenzo, aichukue ya risasi gani?

Bunduki ya wenzo ni ile ya sinema za kauboi. Chini yake, penye kifyatulio, kuna mkono wa chuma. Ukiusukuma mbele na kuurudisha, ganda lililotumika linaruka nje na risasi mpya inaingia. Zile fupi zina mtutu wa sentimita 40 hadi 50 na uzito wa kilo tatu hivi. Hazinasi kwenye vichaka wala hazichoshi bega. Ni kama kiungo mwepesi anayegeuka kwenye nafasi finyu.

Tatizo linaanzia dukani. Mtu ameshika bunduki ndogo, halafu anataka risasi kubwa. Anaiona .45-70, iliyoanzia kwenye jeshi la Marekani mwaka 1873, yenye kichwa cha gramu 19 hadi 26. Anajiuliza, kulungu gani atasimama mbele ya hii?

Jibu ni kwamba hakuna. Lakini hilo siyo swali. Swali ni nani atakaa nyuma yake.

Bunduki ikiwa nyepesi, teke lake linakuwa kali. Huo wepesi ulioinunulia ndio unaokuadhibu. Kwenye bunduki ya kilo tatu, .45-70 ya kawaida inaweza kupiga bega kwa nguvu mara mbili na zaidi ya .30-30. Risasi ya tano au ya sita mazoezini, mtu ameshaanza kufumba macho na kukaza bega kabla hajafyatua. Akifanya hivyo, mdomo wa mtutu unahama. Kwenye karatasi ya shabaha tundu linatokea pembeni, wenzake wanacheka, mambo yanaisha.

Msituni hakuna kucheka. Eneo la moyo na mapafu ya kulungu, nyuma kidogo ya bega, ni kama ukubwa wa sahani ya wali. Risasi ikipita hapo, mnyama kwa kawaida anaanguka baada ya muda mfupi sana. Ikipita tumboni, anakimbia, anajificha kichakani na anaweza kufa kwa maumivu baada ya saa nyingi, pengine asionekane tena. Nyama imepotea na kiumbe ameteseka bure. Hakuna VAR ya kurudisha risasi hiyo, wala mechi ya marudiano.

Ndiyo maana jina ambalo vijana wanaliita la kizee bado lina namba kwenye kikosi. Risasi ya .30-30 ilitoka mwaka 1895 kwa ajili ya Winchester 1894, bunduki iliyobuniwa na John Browning na kutengenezwa zaidi ya milioni saba. Kichwa chake ni gramu 9.7 hadi 11, kikitoka kwa kasi ya mita 670 hadi 730 kwa sekunde. Mtutu mfupi unapunguza kasi hiyo kidogo, lakini hadi mita 150 bado kulungu anaanguka akipigwa panapotakiwa. Teke lake mtu wa kawaida analizoea. Bila mbwembwe, ni mkongwe asiyepoteza pasi.

Mpinzani wake wa kweli ni .44 Magnum ya mwaka 1955. Hii ilizaliwa kwa ajili ya bastola, kwa hiyo baruti yake inaungua haraka na mtutu mfupi hauinyimi kitu kikubwa. Kichwa cha gramu 15.6 kinafanya kazi nzuri. Ila ni kifupi na butu, kinachoka mapema. Ukiilenga sawasawa kwa mita 90, .30-30 hushuka takribani sentimita 20 ikifika mita 180, na .44 hushuka karibu mara mbili ya hapo. Huyu ni straika wa ndani ya 18. Ndani ya mita 100 anafunga, nje ya hapo anapaisha.

Kwa anayeanza, au mwenye mwili mdogo, ipo .357 Magnum ya mwaka 1935. Teke lake ni dogo kabisa, hivyo mtu anajifunza kulenga bila woga. Gharama yake ni subira, kwa sababu inadai kusogea hadi mita 70 hivi na kutumia kichwa imara cha uwindaji.

Mashabiki wa .45-70 wana hoja zao. Wanasema risasi nzito inapita vichakani bila kuyumba. Siyo kweli. Kichwa chochote kikigonga tawi kinaweza kuacha njia, na dawa ya kichaka ni kusubiri nafasi iwe wazi. Wanasema pia zipo .45-70 zilizotiwa nguvu ndogo. Zipo kweli, lakini huko ni kumsajili staa kwa bei ya mbinguni halafu kumwambia asikimbie. Risasi hiyo ina mechi zake, kama dubu wakubwa wa Alaska. Kulungu hayumo kwenye orodha.

Halafu kuna kanuni za ligi. Jimbo la Ohio lilipofungua mlango kwa bunduki za aina hii kwa kulungu mwaka 2014, liliruhusu zile za risasi zenye ganda lililonyooka tu. Ganda la .30-30 limebanwa shingoni, kwa hiyo mkongwe yuko nje ya kikosi. Mwaka 2023 Remington ikaleta .360 Buckhammer, ambayo ni ganda la .30-30 lililonyooshwa. Tena magazini ya bomba, ambamo risasi hupangwa moja nyuma ya nyingine, haitaki vichwa vya kawaida vyenye ncha kali, maana ncha inaweza kulipua risasi iliyo mbele yake.

Afrika Mashariki ilishaona namna kikosi kinavyopangwa. Theodore Roosevelt alipotua Mombasa Aprili 1909 kuja kuwinda, hakuja na bunduki moja ya kufanya kila kitu. Alikuwa na Springfield, Holland & Holland ya mitutu miwili kwa wanyama wakubwa zaidi, na Winchester 1895 ya wenzo yenye risasi ya .405, aliyoiamini kwa simba. Kila mchezaji na namba yake.

Mwenye bunduki fupi na kulungu mbele yake apange hivyohivyo. Pale sheria inaporuhusu, aanze na .30-30. Msitu ukiwa mnene na mbali kabisa ni mita 100, .44 inatosha. Anayeogopa teke achukue .357 na ajifunze kusogea. Pesa iliyobaki inunue maboksi ya risasi za mazoezi, kwa sababu hakuna kipenyo kinachofuta uvivu.

Panenka naye hakubahatisha usiku ule wa Belgrade. Mkwaju wake aliufanyia mazoezi kwa miaka miwili hivi klabuni kwake Bohemians, akibaki uwanjani na kipa baada ya wenzao kuondoka, wakiwekeana dau la bia na chokoleti.