Nyigu Asiye na Duka

Mkulima wa nyanya wa Kinanie akivamiwa na Tuta, yule mdudu ambaye jirani zetu wa Tanzania wamembandika jina la Kantangaze, mguu wake huelekea kwenye duka la pembejeo. Atauziwa chupa, ataelezwa achanganye vifuniko vingapi kwa pampu moja ya mgongoni, na wiki mbili hazitapita kabla hajarudi kununua nyingine. Katika rafu za duka hilo hapatikani nyigu hata mmoja, wala sitarajii apatikane. Kosa si la muuzaji. Nyigu anayeifanya kazi hii vizuri kuliko wenzake ndiye bidhaa mbovu kuliko zote kibiashara, na ndiyo sababu nasema kumfuga ni kazi ya Kaunti ya Machakos, kwa pesa za umma, sawa na kuchanja mifugo.

Sizungumzii nyigu wa manjano wanaojenga viota darini na kuwatimua watoto. Hawa ni vijidudu ambavyo vingi havizidi ukubwa wa punje ya ufuta, na havina haja ya kumuuma mtu. Jike hutafuta yai au kiwavi wa mdudu mharibifu, akatoboa na kutaga humo humo ndani. Buu akianguliwa humla mwenyeji wake polepole kutoka ndani, na mwisho anayetoka si mharibifu bali nyigu mwingine, tayari kwenda kutafuta windo lake. Dawa hupungua nguvu tangu siku inaponyunyizwa. Nyigu akipata wa kumla huongezeka, tena huenda mwenyewe hadi chini ya jani ambako pampu haifiki.

Wanaodhani haya ni majaribio mageni wanasahau historia ya hapa hapa nyumbani. Mwaka 1923 vidung'ata, wale wadudu weupe wanaoonekana kama wamepakwa unga, waligunduliwa kwenye kahawa upande wa Thika. Wataalamu waliwadhania kuwa wadudu wengine, wakahangaika miaka mingi wakiwatafutia adui huko Asia bila mafanikio. Kumbe kwao ni Uganda. Mwaka 1938 nyigu waliletwa kutoka huko, na balaa likatulia. Kufikia 1959 faida ilikadiriwa kuwa pauni milioni 10, ilhali gharama yote haikuzidi pauni 30,000. Kisa cha muhogo ni kikubwa zaidi. Nyigu kutoka Paraguay, aliyeanza kuachiliwa Nigeria mwaka 1981, alisambazwa katika mataifa mengi ya Afrika, na Hans Herren aliyeongoza kazi hiyo akatunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995, wakati huo akiwa mkurugenzi mkuu wa kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe pale Kasarani. Halafu mwaka 2002 icipe ikaachilia huko Taita nyigu kutoka Taiwan dhidi ya kiwavi wa kabichi. Wachumi walioupiga hesabu mradi huo mwaka 2005 walikadiria kwamba kila shilingi moja ingerudisha 24.

Kwa faida kama hiyo, mbona wafanyabiashara hawajajaa? Kwa sababu faida haiendi kwa mnunuzi. Mkulima wa ekari moja kando ya Mto Athi akinunua nyigu leo, kesho wameshavuka ua na kuingia kwa jirani ambaye hakutoa hata senti. Wakikubali mazingira, hatahitaji kununua tena. Ni kampuni gani itakayokopa benki ili iuze kitu kinachonunuliwa mara moja, kikamfaidi asiyelipa, kisha kikazaana bure? Mtu atanionyesha Naivasha, ambako wadudu rafiki wanazalishwa na kuuzwa. Ni kweli, lakini mnunuzi mkubwa kule ni shamba la maua lililofunikwa, lenye mkaguzi wa soko la Ulaya mlangoni. Mdudu aliyelipiwa hubaki ndani ya plastiki ya aliyemlipia. Sukuma wiki ya Kinanie haina paa.

Kumfuga nako si lelemama. Huwezi kumlisha nyigu bila kumfuga adui unayetaka kumwangamiza, wala huwezi kumfuga adui huyo bila kumpandia mmea anaoupenda. Kwa hiyo kuna nyumba ya miche ya kabichi, kuna vizimba vya nondo wanaotaga juu ya miche hiyo, na mbali nao vizimba vya nyigu wanaolambishwa matone ya asali. Nyigu mmoja akipenya kwenye chumba cha nondo, mpango mzima huvurugika. Lipo na jambo la jinsia: yai la nyigu lisilorutubishwa huwa dume, hivyo kundi dogo likitunzwa ovyo hugeuka kuwa kambi ya madume wasiotaga chochote. Kazi hii inataka fundi anayelipwa mwezi baada ya mwezi, Krismasi na msimu wa kampeni ukiwemo. Hapo ndipo ninapowaelewa wanaoitilia shaka kaunti, na wana haki. Lakini Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti kilimo cha mimea na udhibiti wa magonjwa yake. Na Kinanie hiyo hiyo ndiko serikali ilikotenga ardhi ya bustani ya viwanda vya ngozi. Nyumba ya nyigu ingetosha kwenye kona ya eneo hilo.

Wapo wanaoogopa wageni, na hofu yao haina upuuzi. Mwaka 1935 Australia iliingiza chura mkubwa ili amle mende wa miwa, naye akala karibu kila kitu isipokuwa yule mende. Tofauti ni kwamba chura hachagui chakula, ilhali nyigu anayefaa huchaguliwa kwa kuwa hawezi kuishi bila windo lake. Hata hivyo hupimwa karantini kabla ya kuachiliwa, na ruhusa hiyo ibaki mikononi mwa serikali kuu. Nyigu wa Tuta aliyeletwa na icipe kutoka Peru mwaka 2017 alipitia mkondo huo. Kaunti haina haja ya kuagiza mdudu yeyote. Izalishe tu waliokwisha kupimwa.

Pingamizi zito ni la mkulima mwenyewe: nyigu ni mwepesi wa kuruka lakini mzito wa kuleta matokeo, nami nina mkopo na dalali wa Nairobi anasubiri kreti. Sitamdanganya kwamba msimu wa kwanza utamtosha. Ila na chupa haimtoshi. Kiwavi wa kabichi alikwisha kuizoea DDT huko Java mwanzoni mwa miaka ya 1950, na tangu hapo amezoea dawa moja baada ya nyingine, huku nyigu akifa kwa mnyunyizo wa kwanza. Kwa hiyo kaunti ikigawa nyigu bila kumtuma afisa wa ugani kukaa na wakulima wa mfereji mmoja, wakubaliane kuacha kunyunyiza kwa kalenda na badala yake wahesabu viwavi kwanza, itakuwa inawafugia wadudu kifo. Ningeanza na kabichi na sukuma, kwa kuwa ushahidi wake ndio wa muda mrefu zaidi. Tena si kwa yule nyigu wa Taita, anayependa baridi, bali kwa binamu yake aliyeletwa kutoka Afrika Kusini kwa ajili ya maeneo ya joto na ukame. Nyanya zifuate, mfereji mmoja kwa wakati.