Kombi iliyoshushwa: urefu kwanza, presha baadaye

Leo tuache seva na tovuti kidogo tuzungumzie gari. Msikimbie, programu imo ndani yake, na ndiyo inayonikera.

Nasema hivi bila kuzunguka: ukitaka kufunga springi za upepo kwenye Kombi ya zamani iliyoshushwa, pesa yako ya kwanza iende kwenye vihisi vya kupima urefu wa gari. Programu ya simu yenye vitufe vya kupendeza ije mwisho kabisa. Hata isipokuja, hujapoteza kitu. Nasema haya nikiwa mtu anayekula kwa kuandika programu, kwa hivyo msidhani nazichukia.

Kwanza tuelewane tunazungumzia gari gani. Kombi ni ile Volkswagen Type 2, yenye injini nyuma inayopozwa kwa hewa. Ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1950, sura ya pili ikaja 1967, na Brazil waliendelea kuitengeneza hadi mwisho wa 2013. Kampuni ya Westfalia ilianza kuiwekea vitanda na makabati mwaka 1951, ikawa nyumba ya kutembea nayo. Hapa Kenya wazee wetu waliiona ikibeba watalii kwenye mbuga. Huko Ulaya na Marekani kuna wapenzi wake ambao huishusha mpaka madigadi yafunike nusu ya tairi. Inapendeza, siwezi kukataa.

Sasa, kuishusha kunafanywaje? Kombi ya sura hizi mbili za kwanza haina springi za kuviringika mbele. Ina mabomba mawili yaliyolala kutoka kushoto kwenda kulia, na ndani ya kila bomba kuna fito bapa za chuma zilizofungwa pamoja. Katikati zimekazwa zisizunguke. Gurudumu likipanda, mkono unaolishika unazisokota fito hizo, nazo zinakataa kusokotwa. Hiyo ndiyo springi yenyewe. Fundi anayetaka kuishusha hukata bomba pale katikati, akaweka kifaa cha kurekebisha, akazungusha kidogo. Gari linashuka. Ugumu wa springi haubadiliki. Kinachopungua ni nafasi ya gurudumu kupanda kabla chuma hakijagonga chuma.

Na hapo ndipo shida inapoanza. Barabara nzuri huko Ujerumani si neno. Lakini weka gari hilo mbele ya tuta moja tu, halafu ndani uwe na watu wanne, mtungi wa gesi, maji na godoro. Tumbo la gari litalia. Kwa hivyo watu wakafikiria: kwa nini lisiwe chini likiegeshwa na juu likitembea? Jibu lao ni upepo.

Vifaa ni hivi: mifuko minne ya mpira, kompresa, tangi, mabomba membamba, vali za umeme na kontrola ya kuziamuru. Zile fito za chuma hutolewa, au hubakishwa chache. Angalizo kwa mafundi: mbele, fito hizo ndizo pia zinazoshika ile mikono isichomoke kwenye bomba. Ukizitoa zote lazima upitishe chuma kingine cha kuishika mikono hiyo, la sivyo gurudumu litakuaga njiani. Shokomzoba nazo zinabaki, kwa sababu upepo hubeba mzigo lakini hauzuii gari kudundadunda.

Haya, sasa tuje kwenye programu. Kontrola nyingi za bei nafuu hukumbuka presha. Unabonyeza kitufe cha kwanza, kila mfuko unajazwa mpaka kiwango fulani, basi. Msanidi programu aliyeandika hivyo alidhani presha na urefu ni kitu kimoja. Si kitu kimoja!

Hebu tupige hesabu ya darasa la saba. Chukua mfuko wenye eneo la sentimita mraba 100. Ukiujaza presha ya kilo 3 kwa kila sentimita mraba, yaani karibu psi 43, unabeba kilo 300. Vizuri. Sasa ongeza kilo 60 kwenye kona hiyo, labda maji na shangazi. Kilo 360 zinahitaji presha ya kilo 3.6. Lakini kontrola imeambiwa 3, na itahakikisha ni 3. Kona hiyo itashuka mpaka mfuko ubonyee na kutanuka ufikie sentimita mraba 120, au mpaka ukalie raba ya mwisho. Skrini ya simu inakuonyesha kila kitu kiko sawa kwa rangi ya kijani, na gari limeinama upande mmoja kama punda aliyepakiwa vibaya.

Kuna jingine la kuchekesha zaidi. Umelala kambini penye baridi ya nyuzi 15, mchana joto likafika nyuzi 35. Upepo ndani ya mifuko unatanuka kwa karibu asilimia 7. Uzito wa gari haujabadilika, kwa hivyo presha inabaki karibu palepale, na gari linapanda. Geji yako haitaona lolote, kwa sababu kilichobadilika ni urefu, na urefu haupimi.

Je, jambo hili ni jipya? Wapi! Citroën walipoleta DS mwaka 1955 waliweka vali iliyofuata mwendo wa magurudumu yenyewe, ikiongeza mafuta gari likishuka na kuyapunguza likipanda. Ile ilitumia mafuta na gesi ya naitrojeni badala ya upepo, lakini wazo ni hilohilo: pima urefu. Na waliicheleweshea vali hiyo makusudi ili isihangaike na kila shimo dogo. Hakukuwa na kompyuta. Hata mabasi na malori makubwa yenye mifuko ya upepo yana kifimbo kinachounganisha akseli na vali. Abiria wakipanda, basi linazama kidogo, kifimbo kinasukuma vali, upepo unaingia, basi linarudi palepale. Chuma na kifimbo wanajua jambo ambalo programu ya simu haijui!

Najua kuna watakaoniambia: "Ndugu, achana na vihisi. Weka vali nne za mkono na geji nne, mambo rahisi hayaharibiki." Nawaheshimu sana watu hawa. Tena nakubali kuwa vali za mkono ni bora kuliko kitufe kinachokumbuka presha. Lakini tujiulize kwa nini. Ni kwa sababu mwenye gari huzunguka gari lake, akaangalia kwa macho kila kona, akaongeza au akapunguza. Macho yake ndiyo kihisi cha urefu! Hajakataa hoja yangu, ameifanya kwa mkono. Tatizo ni kwamba macho hayo hayaoni gari likiwa linatembea usiku.

Sasa nisije nikawadanganya kwamba urefu peke yake unamaliza kazi. Fikiria meza ya miguu minne kwenye sakafu isiyo sawa. Miguu mitatu inatosha kuishika, wa nne unaning'inia. Gari lenye mifuko minne ni vivyo hivyo: kona mbili zinazotazamana kwa mshazari zinaweza kubeba karibu uzito wote, urefu ukaonekana sawa kabisa kwenye kona zote nne. Ukifunga breki kwenye lami yenye maji, utajua. Ndiyo maana mifumo mizuri hupima vyote viwili. Urefu huamua, presha hulinda. Kona moja ikihitaji presha ya ajabu kufikia urefu wake, programu isimame na kulalamika, isiendelee kusukuma tu.

Tena kila kona iwe na bomba na vali yake. Ukiunganisha kushoto na kulia kwa bomba moja ili kuokoa shilingi, ukikata kona upepo utakimbia kutoka mfuko uliobanwa kwenda ule uliolegea, na gari litalala zaidi. Hakuna programu itakayokuokoa hapo.

Mimi nikipewa kazi ya kuandika kontrola ya namna hii, sheria zangu ni chache. Gari likiwa linatembea, tumia wastani wa sekunde kadhaa, usifuate kila tuta. Tofauti ya milimita 5 ipuuze, la sivyo vali zitabofyabofya mpaka zichakae na kompresa ichoke. Dereva akifunga breki au akikata kona, usiguse kitu. Kihisi kimoja kikikatika waya, usibahatishe. Funga vali zote, washa taa. Na umeme ukikatika kabisa, vali zifunge zenyewe na upepo ubaki ndani.

Sheria kubwa kuliko zote si ya programu. Mfuko ukipasuka ukiwa kasi ya kilomita 80, gari lazima likae juu ya raba imara, huku tairi likizunguka bila kugusa madigadi, na bomba la breki lisibanwe. Jaribu hili kabla ya yote: toa upepo wote, zungusha usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. Kama tairi linagusa, hujamaliza kazi, hata kama simu inang'aa namna gani. Na tafadhali, jamani, usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa upepo. Weka stendi za chuma. Bomba la unene wa kidole halistahili kuaminiwa na kifua cha mtu.

Wenye sura ya kwanza, iliyokoma Ujerumani mwaka 1967, wawe waangalifu zaidi. Akseli yake ya nyuma hubadilisha mlalo wa gurudumu kila gari linapopanda au kushuka. Likiwa chini sana tairi huliwa upande wa ndani. Likiwa juu kabisa na ukakata kona kwa kasi, gurudumu linaweza kujikunja chini ya gari. Ule urefu wa juu ni wa kuvuka tuta polepole, si wa kusafiria.

Kwa nini nasisitiza haya? Kwa sababu fito za chuma za mwaka 1967 bado zinafanya kazi bila kuuliza toleo la simu yako. Mwaka 2020 kampuni moja ya Marekani iliyosifika sana kwa kontrola hizi ilifunga milango, ingawa baadaye jina lake lilinunuliwa na wengine. Wenye magari walibaki wakijiuliza kitakachotokea kisanduku kikifa. Kwa hivyo hifadhi vyuma vyako vya asili, vipake grisi, viweke stoo. Huko Uingereza kuna sababu nyingine tena: magari ya miaka 40 na zaidi yalisamehewa ukaguzi wa kila mwaka kuanzia Mei 2018, na mwongozo uliotolewa wakati huo ulihesabu kubadilisha aina ya springi kuwa mabadiliko makubwa yanayoweza kukunyima msamaha huo.

Sisemi watu wasifunge upepo. Kombi iliyoshushwa kwa chuma pekee na kupakiwa familia ni mateso, na upepo uliofungwa vizuri ni dawa yake. Ninachosema ni kwamba gari linakaa barabarani kwa urefu wake, kwa hivyo urefu ndio upimwe. Fundi akikuonyesha simu kwanza, muulize vihisi viko wapi. Akisema havihitajiki, mshukuru, lipia chai yake, uondoke.

Mwenye hoja tofauti alete, uwanja ni wenu.