Amri ya Nane Ndani ya Simu

Tukisoma Amri ya Nane katika Katekisimu Ndogo, wengi wetu humfikiria shahidi aliyesimama mahakamani. Tunaisahau simu iliyo mfukoni. Kidole kimoja kinatosha kuufikisha uongo kwa usharika mzima kabla ibada haijaisha.

Tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam, kuzindua chanjo ya UVIKO-19. Ujumbe ukazunguka katika makundi ya WhatsApp, hata ya kwaya, ukidai kwamba chanjo hiyo ni alama ya mnyama na kwamba inaleta utasa. Wapendwa, tusome Ufunuo 13 kwa utulivu. Alama ile inaambatana na kumsujudia mnyama, na asiye nayo hanunui wala hauzi. Chanjo ilikuwa ya hiari, na aliyeikataa aliendelea kuuza alizeti yake hapa Mungaa kama kawaida.

Wengine husema kutumia kinga ni kukosa imani. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, Luther alibaki kuwahudumia wagonjwa. Katika barua yake kuhusu tauni alifundisha watu watumie dawa, wafukize nyumba na waepuke mahali wasipohitajika, akaonya kwamba anayedharau dawa anamjaribu Mungu. Nasi Walutheri wa Singida tuna Hospitali yetu ya Iambi. Tutaiombeaje Jumapili, kisha Jumatatu tuibeze sindano?

Wapo wanaojitetea: "Nimetuma tu kama nilivyopokea." Anayepitisha sumu hasalimiki kwa sababu hakuipika. Bibi akiogopa chanjo kwa sababu ya ujumbe wetu, akaugua na kufa, Amri ya Tano nayo inatuuliza.

Kuuliza maswali si dhambi. Ni kweli pia kwamba ukimya uliupa uvumi nafasi: baada ya 29 Aprili 2020, wagonjwa wakiwa 480, takwimu za taifa zilikoma kutangazwa kwa zaidi ya mwaka. Lakini ukimya wa wakubwa haumpi Mkristo ruhusa ya kueneza asichokijua.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma habari ya ugonjwa, tumuulize kwanza muuguzi wa zahanati. Na aliyesambaza uongo katika kundi la kwaya aukanushe katika kundi hilohilo. Toba ya chumbani haiwafikii waliodanganywa hadharani.