Isikilize Injini Ikiwa Baridi

Wengi wetu hapa Uingereza tunatafuta gari lililotumika, la bei nafuu. Kabla hujatoa pauni zako, ulizia cheni ya taimingi. Hiyo ndiyo inayopatanisha mwendo wa pistoni na valvu. Ikikatika au ikiruka meno, katika injini nyingi pistoni hugonga valvu, na matengenezo yaweza kushinda bei ya gari lenyewe. Ukaguzi wa MOT hauifungui injini, kwa hiyo cheti kipya si dhamana ya cheni.

Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika, gusa boneti: ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Ikiwa baridi, washa usikilize. Mchakacho wa chuma sekunde za mwanzo ni dalili ya cheni iliyolegea. Kisha omba risiti za kubadilisha oili, maana oili chafu huila cheni. BMW za dizeli zenye injini ya N47 zitazame mara mbili: cheni yake iko nyuma, upande wa giaboksi, na kuifikia ni kazi kubwa.

Muuzaji asiye na risiti mwachie gari lake. Usiuziwe mbuzi kwenye gunia.