Kinapolia King'ora Chuoni



Wengi wetu tumempeleka binti au mwana chuo kikuu, tukamkagulia sanduku, chandarua na hata jiko la stima (ambalo mabweni mengi hulikataza, nasi twajua), wala hatukumuuliza mlango wa dharura uko wapi.

Mwaka 2015 ulitufunza kwa machozi. Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 2 Aprili, washambulizi waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Siku kumi baadaye, kabla ya kupambazuka, transfoma ililipuka karibu na mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kikuyu. Hapakuwa na mshambulizi hata mmoja, lakini wanafunzi waliruka madirishani. Mmoja alifariki na zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Mwezi Novemba, chuoni Strathmore, zoezi la usalama ambalo wengi walilidhania shambulio la kweli lilimalizika kwa kifo cha mfanyakazi mmoja. Katika misiba hii miwili ya mwisho, watu walihiliki kwa kutojua walichokisikia kina maana gani.

King'ora cha moto chamtaka mtu atoke kwa ngazi, asipande lifti, asirudi kuchukua kompyuta. Penye mtu mwenye bunduki, mambo hugeuka: akimbie akiona njia iliyo salama, na asipoiona ajifungie, azime taa, anyamaze. Basi chuo kisichowaeleza wanafunzi wake tofauti ya milio hiyo kimewapa kelele tu, na sisi tulipao karo tuna haki ya kuuliza.

Kwa mabinti kuna jambo lisilosemwa sana. King'ora kikilia usiku wa manane, binti husimama akitafuta buibui gizani, na moshi unapanda. Sheria yetu i wazi kwamba dharura huruhusu kilichokatazwa, na kuihifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio yake makuu. Na atoke kama alivyo. Hata hivyo, buibui au leso mbili zikitundikwa nyuma ya mlango kila jioni, hatalazimika hata kuwaza.

Nasi wazazi tuna kosa letu. Habari ikitangazwa tu, twapiga simu mara kumi. Mtoto aliyejificha chini ya kitanda aweza kufichuliwa na mlio wa simu ya mamake. Tumwandikie ujumbe mfupi, kisha tungoje, na kungoja huko ni kugumu kuliko tuwezavyo kueleza hapa. Tuagane naye mapema juu ya neno moja, "salama", alitume kwa mtu mmoja tu wa nyumbani atakapofika penye amani, na huyo ndiye awaarifu jamaa wote.