Herufi Si Nasaba ya Lugha

Katika mji wa Mathura, kaskazini mwa India, yapo makumbusho ya sanamu na sarafu yaliyoasisiwa mwaka 1874. Humo imo sanamu ya mawe mekundu iliyofukuliwa mwaka 1911 katika kijiji jirani cha Mat. Kichwa hakipo. Kilichosalia ni joho, viatu vizito, rungu na upanga. Hata hivyo twamjua mwenyewe: ni Kanishka, mfalme wa Wakushani, kwa kuwa jina lake limechongwa kwenye joho kwa herufi za Kibrahmi, na wakapatikana watu wa kuzisoma.

Namleta mfalme huyu hapa kwa sababu ya hoja moja iliyochakaa, ambayo bado husemwa na watu waliosoma: eti Kiswahili ni mtoto wa Kiarabu, na ushahidi ni kwamba tenzi za kale ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Basi na tuzitazame sarafu za Kanishka. Za mwanzo zilikuwa na maneno ya Kigiriki. Baadaye akakiondoa Kigiriki akaweka Kibaktria, lugha ya dola yake, ila herufi za Kigiriki akazibakiza. Wagiriki hawana herufi ya sauti “sh”. Wabaktria wakajiongezea yao, nayo imo ndani ya jina lenyewe la mfalme. Je, Kibaktria kikawa Kigiriki? Hakikuwa, na hakuna mwanaisimu anayedai hivyo. Ni lugha ya jamii ya Kiajemi.

Washairi wa Pate, Lamu na Mombasa walikabili tatizo lilelile. Kiarabu hakina “p” wala “ch”. Wapo walioazima herufi za Waajemi zenye nukta tatu, na wapo waliomwachia msomaji atambue mwenyewe, maana lugha ilikuwa yake. (Leo twaandika kwa herufi za Kirumi, wala sijasikia tukiitwa Walatini.)

Hasara ya hoja hii ni kubwa. Anayeamini kuwa miswada ile ni ya Kiarabu haoni haja ya kujifunza kuisoma. Katika miaka yangu yote ya kufundisha chuo cha ualimu, ratiba haikuwa na hata kipindi kimoja cha kuwafunza walimu wa Kiswahili kusoma hati hizo. Vijana walihitimu wakizijua tenzi kwa matoleo ya Kirumi pekee, na muswada wenyewe ukiwekwa mbele yao hawajui hata ubeti unaanzia wapi. Wanaotunga mitaala watuambie: kipindi hicho kitaanza lini?