Bustani ilikuwa adhabu yetu

Skuli ya misheni niliyosoma, na ambayo baadaye nilirudi kusomesha, ilikuwa na bustani nzuri sana nyuma ya mabweni. Mlikuwa na bilinganya, mchicha na mipapai, na upande wa mbele mawaridi. Lakini aliyeonekana humo na jembe mkononi, kila mtu alijua amekosa: kachelewa kengele, au kanaswa akisema Kiswahili siku ya Kiingereza. Nilipokuwa mwalimu nami nikaendelea na mtindo huo huo, na baadhi ya wanaosoma hapa ni mashahidi, maana walipalilia kwa amri yangu. Nawaomba radhi. Kwa miaka mingi tuliwafundisha watoto kuwa udongo ni mahali pa mkosaji, na leo tuko Maskati, Dubai na Birmingham tunalalamika kuwa vijana hawataki kushika hata mpira wa kumwagilia maji.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mji mdogo wa Todmorden, kaskazini ya Uingereza. Jamaa zetu walioko Leeds na Manchester huenda wameshaupita kwa treni, maana uko bondeni baina ya miji hiyo miwili. Una watu kama 15,000, na zamani uliishi kwa viwanda vya pamba. Mwaka 2008 wanawake wawili, Pam Warhurst na Mary Clear, walianza jambo ambalo mtu angeweza kulicheka. Mary alibomoa ukuta wa mbele wa nyumba yake, akang'oa mawaridi, akapanda mboga, kisha akawakaribisha wapita njia wachume. Mama yangu, Mungu amrehemu, angesema tu, "Wataiba!" Kumbe kule kuchuma ndiko kulikotakiwa.

Wakaendelea. Kituo cha treni kikapandwa majani ya kiungo, abiria akishuka anakata kidogo anakwenda nayo nyumbani. Mbele ya kituo cha polisi yakaota mahindi. Kituo kipya cha afya kilikuwa kimezungushiwa vichaka vya miba, vikaondolewa, pakaja matunda na mimea ya dawa. Kando ya mfereji wa mashua, mboga. Watu wa nchi nyingine wakaanza kuja kutazama, na mji uliokuwa hauna cha kuonyesha ukawa na wageni. Sharti la kujiunga lilikuwa moja tu, uwe mtu unayekula. Mwenye elimu na asiye na elimu, mzee na mtoto, wote wanakula.

Pam Warhurst mwenyewe hakudai kuwa vitanda vile vya mboga vitalisha mji mzima. Alitaka watu waanze kuzungumza. Ukiona muhindi mlangoni pa polisi lazima utauliza, na ukiuliza lazima apatikane wa kukujibu. Hapo ndipo mimi, mwalimu mzee, nilipotega sikio. Ua la barabarani lililopandwa na mkandarasi ni zuri, lakini haliulizwi lolote. La jirani linaulizwa.

Huko Marekani suala hili la kujibu maswali walilipangia utaratibu kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika jimbo la Washington, mabwana shamba wa chuo kikuu cha jimbo walizidiwa na simu za watu wa mjini: mwaridi wangu unakauka, nyanya zangu zina madoa, nifanye nini? Hawakuwa na watu wa kutosha. Wakaamua kuwafunza wakaazi wa kawaida, nao walipe mafunzo hayo kwa saa za kujitolea, wakikaa na meza katika maduka makubwa, na mwenye jani linaloumwa analileta kwenye mfuko linatazamwa. Mpango huo sasa uko karibu majimbo yote. Wengi wa wanaoufanya ni wastaafu. Nisikilizeni hapo, wenzangu wa miaka sitini na zaidi, mnaokaa mbele ya televisheni kuanzia asubuhi mkibadilisha chaneli na kulalamika magoti.

Kupanda bila kujua kuna hasara yake. Miaka ya 1980 kule Baringo, Kenya, uliletwa mti wa kigeni kwa nia njema ya kuzuia jangwa. Wenyeji wanauita mathenge. Ukakubali ardhi kupita kiasi, ukafunga malisho, miba yake ikaumiza wanyama, na mbuzi waliokula maganda yake matamu wakaharibika meno. Wenyeji walifika mpaka mahakamani Nairobi na mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Mti huo huo uko Oman, unafanana na ghaf wetu kwa umbo, na mtu asiyejua anaumwagilia maji akidhani anahifadhi mti wa asili. Wala si huo peke yake. Ule tunaouita damas, unaopandwa kwenye kuta za majumba kwa kuwa unakua haraka na kuleta kivuli, mizizi yake hufuata maji ikapasua mabomba na misingi. Umependezesha mtaa miaka mitano, wa sita unamwita fundi. Mzee mmoja anayejua, aliyekaa nje na kiti chake, angetuokoa na mengi.

Sasa tuje majumbani mwetu. Bustani tunazo, alhamdulillahi, hata kama ni hoshi dogo lenye mndimu na mkunazi. Na barabara za Maskati zina maua kuliko miji mingi, yanayonyweshwa maji machafu yaliyosafishwa. Lakini nani anayezijua? Katika nyumba nyingi ni mfanyakazi wa Kibangladeshi au wa Kerala, ambaye anajua mti gani una wadudu na upi unataka mbolea, na hakuna hata mtoto mmoja aliyewahi kumuuliza. Nasema wazi, maana najua tulivyo: tusije tukasikia neno "kujitolea" tukamtuma yeye siku yake ya mapumziko. Huyo analipwa kwa kazi yake, na akifundisha watoto wetu alipwe kwa kufundisha, na aitwe mwalimu. Kujitolea ni kwa mwenye nyumba.

Mtaniambia hii ni tabia ya Wazungu. Basi nendeni Nizwa mkautazame Falaj Daris. Ni mmoja wa mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006. Maji ya falaj yaligawanywa kwa zamu, mchana kwa kupima kivuli cha jua, usiku kwa nyota, na kila mwenye zamu alijua haki yake na ya jirani yake. Kijiji kizima kilikuwa darasa. Na wale wazee wetu waliovuka bahari kwenda Unguja na Pemba hawakukuta mikarafuu imejiotea yenyewe.

Kuna moja la Todmorden nisilolishauri huku. Wao mwanzoni walipanda kwanza, ruhusa baadaye. Ghuba hiyo haifai, ardhi ya nje ya ukuta ina wenyewe na kazi ya hiari ina kanuni zake. Nendeni baladia mkaulize kwa adabu. Msikiti, skuli na uwanja wa mtaa pia vina wasimamizi, waombeni. Wa Uingereza na Marekani kazi yao nyepesi zaidi, bustani za mitaa zipo tayari na zinatafuta watu. Ingieni, msikae pembeni mkisubiri kualikwa.

Nataka kila mmea uwe na kibao chenye majina matatu, Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Nilimuuliza mjukuu wangu mkunazi ni nini, akanitazama kama nimemtajia mji wa Uchina. Nikamwambia sidr. "Ah, ule wa asali!" Anaujua mti, jina la bibi yake halijui. Mwarobaini ndio huo neem anaouona kila siku njiani kwenda skuli, mlonge ndio moringa inayouzwa kwenye vichupa kwa bei ya kutisha. Majina haya yakitutoka sisi, watoto watayapata kwa nani?

Na msianze na makubwa. Kosa la wengi huku ni kupanda Mei, wakati jua linaua hata mwiba, kisha wanasema ardhi ya Ghuba haina baraka. Nyanya, saladi na kotmiri zitieni Oktoba joto likianza kuvunjika. Bamia na kunde zinastahmili zaidi. Mwagilieni alfajiri au baada ya magharibi, tandazeni majani makavu juu ya udongo yazuie maji kuruka, na mara moja moja mwagieni maji mengi ili chumvi ishuke chini. Asiyekuwa na ardhi atumie ndoo yenye tundu. Mwaka jana nilipata bilinganya saba kwenye ndoo ya rangi, nikazigawa nyumba nne, na kila nyumba ilirudi na swali.

Mimi nina meza moja ya plastiki na miche sita ya mrehani. Ijumaa baada ya alasiri nitaitoa nje ya geti, na kibao chake. Nimemwambia mjukuu akae nami, na nimemuahidi kuwa hajakosa lolote.